Kivuli cha Mtango

Wapendwa, tumezoea kumshangaa Yona. Alikaa nje ya mji chini ya mtango wake, akaulilia mmea uliokauka, lakini watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi hawakumgusa moyo. Aprili 2023 sisi tulikaa pale pale alipokaa yeye.

Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 kati ya jeshi la Sudan na wanamgambo wa RSF, tuliwaombea wanafunzi Watanzania waliokwama huko. Waliporudi kupitia Ethiopia tulimshukuru Mungu, na tulifanya vema. Kisha tukanyamaza. Sudan ikatoka katika maombi yetu kana kwamba vita vimekwisha.

Mataifa makubwa yalifanya vivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 23, helikopta za Marekani ziliwachukua watumishi wa ubalozi wake. Baadhi ya balozi za Magharibi zilifungwa huku pasipoti za Wasudani walioomba viza zikibaki ndani. Mwenye ndugu wa kumpokea ng'ambo akakosa hata hati ya kuvukia mpaka.

Hatusemi balozi zisilindwe. Mkataba wa Vienna wa 1961 unazilinda kwa haki, na mwanadiplomasia wa Misri aliuawa Khartoum siku zile. Lakini Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unawalinda raia. Iweje mkataba mmoja utimizwe kwa helikopta na mwingine kwa matamko? Pande zote mbili zilishawishiwa kusitisha mapigano kwa saa 72, na ingawa risasi hazikukoma, wageni wengi walitoka. Waliojua kuomba hivyo kwa ajili ya wageni, mbona hawakung'ang'ana vivyo hivyo kwa ajili ya mama muuza chai wa Omdurman?

Wapo watakaosema kila serikali huanza na watu wake. Kwa serikali, sawa. Kanisa halina pasipoti. Wengine watanong'ona kwamba Wasudani wengi si Wakristo. Je, Ninawi walikuwa Waisraeli?

Zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makazi yao. Kitabu cha Yona kinaishia kwenye swali la Mungu, na jibu la nabii halikuandikwa. Basi tujibu sisi: Sudan itajwe kila Jumapili katika maombi ya Kanisa, sadaka itengwe kwa wakimbizi wake, na viongozi wetu waulizwe wamewasemea nini. Shukrani inayoishia kwa watoto wetu ni kivuli cha mtango tu, na mtango hunyauka.