Neno la Mhariri: Mapigo Yasinyooshwe

Toleo hili tumelitenga kwa kazi ambayo wengi huihesabu kuwa mchezo wa vijana, nayo ni kuzichukua kanda na santuri kuukuu za muziki wa dansi, kuyasikiliza mapigo ya dramu na tumba pamoja na mwendo wa gitaa la besi, kisha kuyajenga upya, pigo baada ya pigo, ndani ya programu ya kompyuta. Dai letu ni kwamba kazi hiyo ni elimu kamili, na kwamba ina sharti moja ambalo likivunjwa elimu yote hupotea: kompyuta imfuate mpigaji, wala mpigaji asilazimishwe kuifuata kompyuta.

Nyimbo ambazo bendi za NUTA Jazz, Morogoro Jazz na wenzao walizirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipigwa na bendi nzima kwa wakati mmoja, mbele ya maikrofoni chache, pasipo mashine ya kuhesabu mwendo. Kwa hiyo wizani wake una uhai: beti huenda kwa utulivu, na chemko, yaani sehemu ya wimbo inayochangamka, ikiwadia dramu husukuma, tumba hujibu, na besi, badala ya kukanyaga kila pigo, huacha nafasi tupu ambazo ndizo humwinua mchezaji kitini.

Programu, kwa tabia yake, humpangia mtumiaji vijumba vilivyo sawasawa. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo hupewa nusu sekunde, na robo yake milisekunde 125. Tena ipo amri inayovuta kila sauti hadi kwenye mstari ulio karibu. Aitumiaye kwa pupa hupata wimbo ulio sahihi kwa hesabu na uliokufa kwa sikio, kwa kuwa kule kuchelewa kidogo kwa besi nyuma ya dramu, alikodhania kuwa ni kosa, ndiko kulikokuwa ustadi wenyewe.

Tangu 2019 zana kama Spleeter ya kampuni ya Deezer humwezesha mtu yeyote kutenganisha sauti za waimbaji, dramu na besi katika rekodi iliyokwisha kuchanganywa. Ni neema kubwa. Lakini noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye mitetemo 41 hivi kwa sekunde, aghalabu humezwa na mvumo wa kanda, na hapo hapana hakimu ila sikio na subira.

Liko pia suala la insafu. Bendi na mtunzi hutajwa. Mpiga dramu na mpiga besi husahauliwa. Gregory Coleman, mpiga dramu wa The Winstons wa Marekani, alipiga katika "Amen, Brother" ya mwaka 1969 kipande cha sekunde saba hivi, ambacho Waingereza wa miaka ya 1990 walikikatakata kwa mashine na kujengea juu yake muziki wa jungle na drum and bass. Naye alifariki mwaka 2006 pasipo kulipwa ujira kwa matumizi hayo.

Kwa hiyo tunamsihi kila ashikaye kazi hii asikilize kwanza hadi aweze kuyapiga mapigo kwa viganja juu ya meza, ndipo afungue kompyuta. Awaulize wanamuziki wazee waliobaki nani alipiga nini. Na alijuapo jina la mpigaji, aliandike kabla ya lake.