Mwiteni Mtumiaji Mapema, Jamani!

Kuna msemo unaonikera sana katika kazi hii yetu ya kuunda programu: eti mtumiaji hajui anachotaka. Utausikia kwenye mikutano, watu wamezunguka ubao wanabishana kitufe kikae wapi, na hakuna hata mmoja wao atakayekibofya kitufe hicho mara mia kwa siku. Karani wa kaunta, ambaye ndiye atakayekibofya, hajaitwa. Ataitwa siku ya mafunzo, aambiwe azoee.

Ndugu msomaji, hebu tazama M-Pesa. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa wakopaji wa Faulu Kenya, na mfumo uliundwa ili walipe mikopo yao midogo kwa simu. Ndivyo wakubwa walivyopanga. Wale wateja, ambao hawakufika hata 500, wakaanza kuutumia wapendavyo: huyu anamtumia mwenzake pesa, yule anamnunulia jamaa wa mbali muda wa maongezi, wengine wanaweka hela humo badala ya kusafiri nazo mfukoni. Bahati nzuri waliosimamia majaribio walikuwa na macho. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando, na kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani. Sasa niambie, hapo ni nani hakujua anachotaka?

Na hawakujaza fomu ya maoni tu wakaenda zao. (Fomu hizo mimi siziamini, mtu hujibu kwa adabu, hasa ukimsimamia umevaa fulana ya kampuni.) Walipewa kitu kinachofanya kazi, wakatazamwa wanakifanyia nini.

Najua mtaniambia muda hautoshi. Kuhamisha kitufe kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Kukihamisha baada ya hifadhidata kukamilika na vitabu vya mafunzo kuchapishwa ni mwezi mzima, na ugomvi juu yake. Wala sisemi tupigie kura kila rangi. Usalama wa data ni jukumu letu. Lakini hatua gani itangulie, neno gani liandikwe kwenye menyu, hapo karani anajua zaidi yetu, na lazima awe na uwezo wa kutukatalia. Kumwita aje kutazama yaliyokwisha kuamuliwa ni kumpotezea nauli.

Mimi siku hizi nikipewa kazi, kabla sijaandika msimbo wowote, naomba siku mbili za kukaa nyuma ya kaunta. Wakikataa, naomba tena.