Mvua isibebeshwe lawama zote

Ndugu mwandishi, makala yako ni nzuri, ila mzigo wote wa kuharibika kwa mito umeitwisha mvua. Sisi wa Lundo, huku mwambao wa Ziwa Nyasa, tunapokea maji ya milima ya Umatengo, na milima hiyo si ile ya zamani, miti imefyekwa. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikichelewa kisha ikamwagika kwa siku chache, ardhi iliyo uchi hainywi: mto unashuka mwekundu, umebeba shamba la mtu hadi ziwani, na ikifika Oktoba kinamama wanafukua mchanga kutafuta maji.

Linalowachanganya wengi ni hili: ukifyeka miombo, jumla ya maji ya mwaka mtoni yaweza hata kuongezeka, maana miti nayo hunywa. Kinachoharibika ni mgawanyo, mengi masika na kiduchu kiangazi. Kwa hiyo kupanda mikaratusi, miti inayokunywa maji mengi, kwenye chemchemi si dawa.

Wamatengo dawa wanayo tangu zamani. Ngoro zao, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi zilizofukiwa ndani, hushika maji yakazama taratibu badala ya kuporomoka na udongo. Kazi ya kuzichimba ni ngumu, vijana wanaikwepa.

Halmashauri za Mbinga huko juu na Nyasa huku chini zikae meza moja. Wa juu asaidiwe kuchimba ngoro. Nasi wa chini tuache kulima ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka umbali wa mita 60 kutoka ukingoni.