Kaka, hiyo pafyumu yako inatusumbua kwa matatu

Juzi nilipanda matatu Rongai, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa. Jamaa mmoja akaingia amejipulizia Club de Nuit Intense Man kama anaua mbu. Tulipofika Galleria, mama aliyeketi kando yangu alikuwa amefunika pua na leso.

Vijana wa Nairobi tunapima marashi kwa saa tu. "Hii inakaa mpaka kesho, bro!" Sasa, nani alikuambia tunataka ikae mpaka kesho?

Club de Nuit si mbaya, tusidanganyane. Inafuata harufu ya Creed Aventus kwa bei ndogo kabisa, na jioni ya baridi ya Julai inakubali. Lakini zile dakika za kwanza, ndimu na moshi vinapiga kelele mno. Sauvage ya Dior? Safi, ila ofisi nzima inanukia hivyo.

Ya kila siku, mimi niko na Cool Water ya Davidoff. Ilitoka 1988, imenizidi umri, na maboyz hunicheka eti nanukia kama baba yao. Wacheke. Ina mnanaa na lavenda, haimfuati mtu mpaka kiti cha nyuma. Kwangu inafifia kufikia saa sita mchana, kwa hivyo nabeba kidogo kwa kichupa.

Usinunue kwa kunusa karatasi ya dukani. Pulizia mkononi, tembea mjini jua likiwaka, utoke jasho, kisha unuse tena. Ukishanunua, mara mbili zinatosha.