Bati kwenye nguzo si kinga ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaeleze wenzangu wa hapa Kisongo, na wengine popote wanapochoma nyama, jambo linalonikera kila siku ya mnada.

Apitaye barabara ya kutoka Arusha kwenda Makuyuni anaijua Kisongo kwa mnada wake wa mifugo na kwa nyama choma. Wachomaji ni wengi na nafasi ni ndogo, hivyo majiko husogezwa hadi yakaribie kugusa vibanda. Vibanda vyenyewe ni nguzo za mkaratusi, mabanzi na paa la bati. Jiko ni pipa lililopasuliwa katikati na kujazwa mkaa. Mwenye kibanda akiona nguzo inaanza kuwa nyeusi, hutafuta kipande cha bati, akakigongomelea juu ya ubao kwa misumari minne, akaendelea na kazi yake kwa amani.

Ndugu Mhariri, amani hiyo ni ya uongo. Bati ni chuma, na chuma hupitisha joto. Bati lililolala juu ya ubao likishika joto, ubao ulio nyuma yake nao unalipata. Tofauti ni kwamba zamani mwenyewe aliuona weusi, na sasa ameufunika. Mimi ni seremala. Nimebandua mabati ya namna hiyo nikakuta ubao umekuwa mkaa mtupu, unameguka kwa kidole. Wapo watakaosema kuwa nguzo zikiungua fundi ndiye anayepata kazi. Sawa, lakini aliyeteketelewa na kibanda hana hata senti ya kumlipa fundi.

Wengi hudhani ubao hauwaki mpaka uguswe na mwali. Mkaa mwekundu una joto linalopita nyuzi 600 za Sentigredi, na ubao huanza kugeuka mkaa ukifika nyuzi 200 na kitu. Tena ubao unaokaa karibu na jiko mwezi baada ya mwezi huzidi kukauka na kubadilika, hata siku moja ukashika moto kwa joto ambalo mwaka jana uliliweza. Kwa hiyo anayejitetea kwamba jiko lake liko hapo miaka mitatu na hakuna kilichotokea, anatutajia sababu ya kuogopa.

Bati litumike, ila lisiguse ubao. Kila msumari uvishwe kwanza kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa inchi 1, ndipo upigiliwe, ili bati lisimame mbali na ubao. Chini na juu pabaki wazi. Hewa baridi itaingia kwa chini, itapata joto, itapanda na kutokea juu pamoja na joto hilo. Anayeziba nafasi hiyo kwa matambara au udongo ili panya wasipite, amerudi alikotoka. Jiko likishakolea, weka kiganja kwenye ubao ulio nyuma ya bati. Ukishindwa kukiacha hapo, sogeza jiko. Hata hatua moja inasaidia sana. Mwenye uwezo ajenge ukuta wa mawe, kwani hapa chini ya Mlima Meru mawe hayatafutwi. Asitumie tu mawe yaliyolowa ya mtoni, maana hayo hupasuka yakipata moto.

Kuna na mafuta. Yakidondoka kwenye mkaa mwali huruka hadi kwenye kenchi, na wengine hukimbilia maji, ambayo huurusha moto huo pande zote. Ndoo ya mchanga ndiyo inayotakiwa. Jioni nako majivu humwagwa nyuma ya kibanda, wakati vipande vya mkaa vilivyomo vinaweza kukaa na moto mpaka asubuhi, na upepo wa kiangazi wa hapa sote tunaujua. Yawekwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, mbali na mbao.

Hatujausahau moto wa Soko Kuu la Kariakoo wa Julai 10, 2021. Sisemi ulitokana na jiko la nyama. Nasema kwamba sokoni moto wa mmoja ni wa wote: mama muuza maharage hana jiko, lakini ukuta wake wa mabanzi umeshikana na wa mchoma nyama, na huenda mtaji wake ni wa mkopo.

Nawaomba viongozi wa masoko wawatengee wachoma nyama upande ambao upepo hautupi cheche kwenye vibanda. Nao ndugu zetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje siku ya mnada waonyeshe kwa vitendo, na namba yao 114 iandikwe kwa rangi mahali kila mtu anapoiona. Mimi mnada ujao nitakuwapo na nyundo, misumari na vipande vya bomba. Mwenye jiko anayetaka kuonyeshwa aje, sitamtoza kitu.

Seremala,
Kisongo, Arusha.