Kadi ya kliniki si hukumu

Simu ikipigwa kuomba ambulensi na mpigaji akadokeza kwamba mgonjwa "ni wa Mathari", yaani wa hospitali ya akili, mara nyingi uamuzi huwa umeshapitishwa kabla gari halijawashwa. Kinachobaki ni kupangana nani atashika mikono na nani atashika miguu. Mgonjwa mwenyewe haulizwi kitu, kwa kuwa imeshakubalika mitaani, na hata miongoni mwa waliovaa sare za tiba, kwamba mwenye ugonjwa wa akili hawezi kujiamulia. Imani hiyo haina msingi katika tiba wala katika sheria, na kila inapofuatwa kuna mtu anayeumia.

Tunapenda kusema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini mtu akishapewa kadi ya kliniki ya akili, tunamtazama kana kwamba amenyolewa kipara.

Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Uingereza ililetewa kesi ya mgonjwa wa miaka 68 aliyezuiliwa Broadmoor, hospitali ya akili yenye ulinzi mkali. Alikuwa na skizofrenia, na alijiona daktari mkubwa asiye na mfano. Mguu wake ukaanza kuoza. Daktari wa upasuaji akamwambia kwamba usipokatwa chini ya goti, nafasi yake ya kupona ni asilimia 15 tu. Mgonjwa akakataa kata kata. Jaji Thorpe hakupoteza muda kuuliza kama mtu huyo ni mgonjwa wa akili, kwani hilo halikuwa na ubishi. Aliuliza kama ameelewa habari za mguu wake, kama anaziamini, na kama anaweza kuzipima akafikia uamuzi. Aliporidhika kwamba anaweza, alipiga marufuku mguu huo kukatwa bila idhini ya mwenyewe. Mgonjwa akatibiwa kwa njia nyingine, na hatari iliyokuwa mbele yake ikapita. Hata kama angekufa, hukumu ingebaki sahihi, maana mtu mzima asiye na maradhi yoyote ya akili naye ana haki ya kukataa kisu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 iliuweka mtihani huo katika mambo manne: kuelewa, kukumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, kupima, na kueleza uamuzi. Kinachopimwa ni uamuzi huu, saa hii. Mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, na bado akajua vizuri kwamba mkono uliovunjika unahitaji plasta.

Upande wa pili wa imani hii ni mbaya vilevile. Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa London kuhusu wagonjwa waliolazwa katika wodi za kawaida kwa maradhi ya ghafla. Ilikadiriwa kwamba angalau asilimia 40 hawakuwa na uwezo wa kuamua kuhusu matibabu yao, na mara nyingi madaktari wao hawakuwa wametambua. Homa kali, upungufu wa sukari na upungufu wa hewa kwenye ubongo humvuruga hata profesa. Lakini profesa akitikisa kichwa kukubali, hakuna anayemhoji. Tunamtilia shaka mwenye kadi, na asiye nayo tunampitisha bila hata swali moja.

Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa kabla ya matibabu. Inaruhusu kuikosa pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, na hata hapo, iwapo mgonjwa mwenyewe hajakataa. Haisemi kwamba jina la ugonjwa likitajwa, ridhaa imekufa.

Chukua mfano wa mama wa miaka 50 katika mtaa wa Kayole, Nairobi. Kifua kinambana, jasho linamtoka, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Jirani anawahi wahudumu mlangoni: "Msimsikilize, huyo humeza dawa za kichwa." Kuna wahudumu watakaoandika "wasiwasi" na kuondoka, na kuna watakaomfunga. Wote hao wamemsikiliza jirani. Mhudumu anayeijua kazi yake anachuchumaa.

"Mama, unajua tumekuja kwa nini?"

"Kifua, kijana wangu."

"Tukikuacha hapa, kunaweza kutokea nini?"

"Naweza kufa. Lakini siendi. Mara ya mwisho walinifunga kamba kitandani."

Ameelewa, amepima, ameeleza. Anachokikataa ni kamba, si dawa ya moyo. Akiahidiwa kwamba hatafungwa na kwamba binti yake atapanda naye, huenda akaingia garini kwa miguu yake. Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi kwa maradhi ya mwili yanayozuilika. Maumivu yanayopuuzwa namna hii yamo katika hesabu hiyo.

Nitaambiwa kwamba dharura haina muda wa mahojiano. Maswali mawili hapo juu hayafiki dakika moja. Nitaulizwa pia kuhusu aliyekunywa sumu. Huyo ndiye mgumu kweli: sumu yenyewe inaweza kuivuruga fikra, na shaka ikiwepo, tuegemee upande wa uhai. Aliyepoteza fahamu atibiwe bila kusubiri. Lakini shaka hupatikana kwa kuuliza na kusikiliza, haisomwi kwenye kadi. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Huyo si mhalifu tena, asigeuzwe mzigo.

Basi fomu za ambulensi ziwe na mistari minne, kila mmoja ukijazwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: ameelewa nini, amekumbuka nini, amepima vipi, ameamua nini. Anayetaka kumnyima mtu mzima haki ya kuamua aonyeshe ni mstari upi uliomshinda mtu huyo. Asipokuwa na la kuandika, aiweke kamba chini.