Njiwa wakihama, msimtazame mjane

Kuna imani ambayo sisi watu wa Pwani tumekua nayo: njiwa hakai kwenye nyumba ya ugomvi. Ukiwaona wametulia juu ya paa basi ndani mna amani, wakihama ujue kuna jambo. Ni imani tamu, sikatai, na nadhani imewafanya watu wengi wafuge njiwa hata kama hawajui kufuga. Ila nimeiona ikitumika msibani, na tangu siku hiyo nimeichoka.

Mzee wangu wa njiwa alifariki mwezi Machi 2024. Nasema "mzee wangu wa njiwa" kwa sababu sina jina jingine la kumpa. Hakuwa baba yangu wala mjomba wangu, hatukuwa kabila moja, dini tofauti, na alinizidi zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mkazi wa Magomeni, na uani kwake alikuwa na banda. Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta jozi moja ya kununua. Akakataa kuniuzia. Akaniambia, "Kijana, njoo Jumamosi usafishe banda kwanza." Nikasafisha Jumamosi nne mfululizo. Ya tano akanipa jozi, hakuchukua hata senti. Tukawa marafiki kwa miaka tisa.

Sasa basi. Alipofariki banda lilikuwa na njiwa zaidi ya hamsini. Siku ya tatu ya matanga walikuwa wamebaki kama ishirini hivi. Nikawasikia watu wazima kabisa, tena wengine wamesoma, wakinong'ona kwenye mikeka: mnaona? Njiwa wanajua. Humu ndani hamkuwa na amani. Na mkisema nyumba haina amani na baba ndiye amelala kaburini, anayebaki kusemwa ni nani? Ni mama. Mama aliyemuuguza mumewe wiki sita, akienda hospitali na kurudi kwa daladala, mfuko wa uji mkononi.

Jamani!

Mzee mwenyewe angecheka, halafu angekasirika. Hebu niwaambie njiwa wale walikimbia nini, maana nilikuwepo na macho ninayo. Turubai la msiba lilifungwa kamba moja kwenye nguzo ya banda, likaziba mlango wa kutokea na kuingilia. Chini yake yakawekwa mafiga matatu, masufuria yale makubwa, kuni mbichi, moshi unapanda moja kwa moja kwenye viota. Taa ziliwaka usiku kucha. Watoto wakapata mahali pa kurushia mawe. Na kabla ya hapo kwa wiki sita chakula kilikuwa kinatolewa na yeyote aliyekumbuka, leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa hakuna. Wewe ungekaa?

Tena tazameni waliobaki ni akina nani. Karibu wote walikuwa na mayai au makinda. Njiwa hutaga mayai mawili, na hukaa juu yake siku 17 au 18 kwa zamu: dume anashika kuanzia asubuhi jua likishapanda mpaka alasiri, jike anachukua jioni na usiku wote. Kinda akitoka halishwi nafaka siku za mwanzo. Baba na mama wote wawili humpa kitu kama maziwa mazito kinachotengenezwa kwenye gole. Ndege mwenye kazi hiyo haondoki kwa sababu ya moshi. Waliokuwa hawana mzigo ndio walioondoka, wakajishikiza kwenye mapaa ya jirani. Turubai lilipofunguliwa, ndani ya wiki mbili wakarudi kumi na mmoja. Sasa wale wanong'onaji watuambie, amani nayo iliondoka Jumanne ikarudi baada ya wiki mbili?

Mambo haya yote alinifundisha yeye, hayuko mtu mwingine. Alinifundisha kwamba njiwa wa kununua ni mgeni, umfunge bawa wiki kadhaa, na hata hivyo siku yoyote anaweza kurudi alikotoka. Kinda aliyezaliwa kwako ndiye njiwa wako. Alinifundisha kumtenga haraka anayepinda shingo, kwa sababu ugonjwa ule ni ndugu wa kideri cha kuku na huingia bandani kimya kimya. Alinifundisha kuchanganya mtama, uwele na choroko, na kutowarushia wali uliolala hata kama wanaupenda. Alinifundisha pia kunyamaza bandani, somo ambalo kwa mtu wa kazi yangu ni gumu kuliko yote.

Enzi za lori alikuwa akiwabeba kwenye kikapu mpaka Kibaha, akawaachia. Wakizoea, Chalinze. Halafu anaendelea na safari zake, na akirudi baada ya siku kumi jambo la kwanza ni kuuliza wangapi wamefika. Nilipomsimulia kwamba mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwafunga njiwa vifaa vya kufuatilia safari, wakagundua kwamba mara nyingine hufuata barabara kuu na kukata kona penye makutano, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji ni maji. Barabara ya Morogoro inapita hapohapo Magomeni. "Wangepita wapi?" akasema. Wataalamu bado wanabishana juu ya jua, sumaku ya dunia na harufu. Yeye hakuwa na muda wa ubishi huo.

Hadithi aliyoipenda zaidi ni ya Reuter. Mwaka 1850 nyaya za simu ya maandishi zilikuwa hazijaunganisha mji wa Aachen, ulioko Ujerumani, na Brussels kule Ubelgiji. Paul Julius Reuter akatumia njiwa kuvusha habari za masoko ya fedha katika pengo hilo, wakaliwahi treni. Shirika la habari linaloitwa kwa jina lake mpaka leo lilianzia katika biashara za aina hiyo. Alikuwa akinitania kwamba waandishi wote tunakula mgongoni mwa njiwa na hatujawahi kuwanunulia hata kilo ya mtama. Lakini alinikumbusha jambo moja ambalo watu wa kwenye mikeka wangefaa kulisikia: njiwa wa Reuter hawakujua habari waliyobeba. Alijua kwao ni wapi, basi. Karatasi ingeandikwa bei imepanda au imeshuka, safari ni ileile. Njiwa hasomi siri za chumbani kwa watu.

Nimejiuliza kwa nini hili limeniuma hivi. Sehemu ni kwamba mimi pale msibani sikuwa na cheo. Ukifiwa na baba, watu wanakuja kwako. Ukifiwa na mtu aliyekufundisha kushika ndege bila kumwumiza, unakaa mwisho wa mkeka na kuulizwa, wewe ni nani wa marehemu? Magazeti yetu nayo yana nafasi ya tanzia kwa mbunge aliyehudumu miaka mitano na kulala bungeni yote mitano. Mtu aliyeshika ufundi mmoja kwa miaka arobaini na kuugawa bure kwa vijana wa mtaa hapati hata mistari minne. Naandika hii kwa sababu hiyo pia, msinione nimekosa habari.

Na wenzangu tuliosoma, tusijifanye haituhusu. Tunacheka imani za wazee tukiwa maofisini, halafu tukifika msibani tunatikisa kichwa na kuguna "mmh" pamoja na wengine. Ile guna ndiyo inayomfikia mjane. Mwenye kuamini kuwa njiwa huleta baraka aendelee kuamini, sitamgombeza. Ila ukitaka kuitumia imani hiyo kumhukumu mtu aliyefiwa, kwanza panda bandani uangalie kuna maji.

Baada ya arobaini zikaja hoja za kugawana. Mmoja alitaka wauzwe wote, mwingine alikuwa na hamu ya supu, na wawili watatu waliwaulizia weupe tu, kwa shughuli zao ambazo sitazitaja hapa. Kijana mmoja wa jirani, ambaye mzee alimwanzisha kwa adhabu ileile ya kusafisha, alikuwa tayari ameshachukua zamu ya kulisha asubuhi bila kutumwa na mtu. Mimi nina Jumamosi. Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akasema njiwa hawauzwi, na kwamba turubai lolote litakalofungwa tena uani kwake litafungwa upande wa mwembe.

Bati la banda limeoza upande wa kusini. Linatakiwa kubadilishwa kabla ya mvua.